Kiti Hiki ni Chako au cha Kukodi?

"Kama kiti iko yangu, sababu gani ni yeye njo atanikalisha?"

Tantine Kapinga aliniuliza hivyo jikoni kwake, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, akitwanga sombe, majani ya muhogo, bila kuniangalia. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uleule, na kazi yangu ya kumalizia masomo, ile tunayoiita mémoire, ilihusu wanawake katika siasa za nchi nne. Nilikuwa na jedwali. Juu kabisa ilikaa nchi moja jirani ambayo siku hizi kwetu haitajwi mezani bila mtu kununa: bungeni kwao wanawake wamewapita wanaume. Tanzania ilifuata nyuma yake. Zambia na sisi Kongo tulikuwa chini, tunasukumana. Jedwali lilisema wako wangapi. Halikusema nani aliwakalisha.

Tantine ni dada wa baba yangu, mjane, na kazi yake ni kukodisha viti vya plastiki. Ukienda kwenye matanga au ndoa yoyote pale Katuba, kuna uwezekano mkubwa kwamba umekaa juu ya mali yake. Kila kiti kina herufi K nyekundu mgongoni. Mwenyewe husema "biti", na "njo" badala ya "ndio", kama wengi wetu Lubumbashi. Katika chama chake yeye ni mkuu wa wanawake wa mtaa: anawakusanya, anawavisha kitambaa cha chama, wanacheza mgeni akishuka garini. Na viti vya mikutano yote vinatoka kwake, bure, kwa sababu "ni kwa ajili ya parti".

Jumapili moja kabla ya swali lile, baada ya misa, alikuja mtu tunayemwita Président, ingawa anachosimamia ni tawi la chama la mitaa michache tu. Alikaa juu ya kiti chenye K, akapewa maji ya baridi, akatangaza kama mtu anayeleta mahari.

"Mama Kapinga, tumekuona. Utakuwa suppléante wa honorable."

Honorable, yaani mheshimiwa, mwenyewe alikuwa bado hajachaguliwa. Alikuwa anajiandaa kugombea katika bunge la jimbo letu. Suppléante ni yule anayeandikwa nyuma ya mgombea. Mgombea akishinda, halafu akafa au akaitwa serikalini, huyo wa nyuma ndiye anapanda kwenye kiti.

"Miye nilikuomba nigombee," tantine akasema. "Jina yangu mwenyewe."

"Jina yako itakuwa pale pale, nyuma yake."

"Basi niombe Mungu amuue?"

"Aa, Mama Kapinga! Uombe aitwe ministre." Akacheka, akanywa maji. "Ujibu mbele ya liste kufungwa. Na mukutano ya juma hii, utatutumia biti?"

Viti vilitumwa. Jibu hakulipata. Tantine alimwambia anaenda Tanzania kwanza, akirudi ndipo atajibu. Zamani, alipokuwa akifanya biashara ya vitenge pale Nakonde, mpaka wa Zambia na Tanzania, alikuwa na mwenzake Mtanzania, Mama Atu. Alikuwa amesikia kwamba mwenzake huyo amekuwa diwani, mkubwa wa kukaa na wakubwa. Alitaka kumuuliza ameingia kwa mlango gani. Mimi nilimfuata kwa sababu goti lake lilikuwa bovu, kwa sababu sikuwa na kazi, na kwa sababu nilianza kushuku jedwali langu.

Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, tulifika jua likiwa limeanza kuuma. Msururu wa malori ulianza mbali kabla ya mji. Madereva walikuwa wamekaa sana hadi wameanika nguo kwenye kamba kati ya lori na lori. Wabadilisha pesa walituita mama, dada, chérie, kwa mpangilio wa matumaini yao. Katika foleni ya kupita kwa miguu walijaa wanawake wenye mizigo kichwani, na kila baada ya muda mwanaume asiye na mzigo alipita pembeni akaingia mbele. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilisema, na mama mmoja akaniambia nisimharibie siku: kelele zangu zitamfanya askari afunge dirisha. Alisema kweli, na hilo ndilo lilinichosha zaidi.

Askari wa mpaka alimtazama tantine juu ya karatasi zake.

"Mama, Tanzania unaenda kufanya nini?"

"Kuuliza ulizo moja."

"Ulizo? Iko wapi? Ukipitisha kitu hapa unadéclarer, unalipa."

"Nikirudia na jawabu njo nitadéclarer. Ulizo iko mutupu, haina uzito."

Akagonga muhuri huku anacheka.

Kitwe, jioni, tulilala kwa Mama Mwape, mwenzao mwingine wa enzi za vitenge. Nyumba yake ina vyumba viwili na redio isiyozimwa. Anaongea Kibemba, tantine anakijua, mimi nakisikia nusu, iliyobaki alinitafsiria. Mumewe alikuwa uani anakaanga kapenta, dagaa wa huko, akasonga na ule ugali ambao kwao ni ubwali na kwetu bukari, na alikasirika kidogo niliponyanyuka kumsaidia.

Mama Mwape aligombea udiwani. Wakati ule kwao hapakuwa na kiti kilichotengwa kwa mwanamke: mlango ni mmoja, na chama ndicho kinachosema nani asimame mlangoni. Chama chake kilimpitisha mwanaume aliyekuwa hata hakai kata ile. Mama Mwape akatoka chamani, akagombea peke yake.

"Watu wa chama wakaimba njia nzima," alisema. "'Nani anampikia mume wake?' Wanaimba hivyo, na mume wangu yuko pale pale anawasikia."

"Na mimi nilikuwa ndio nimetoka kupika," mume akajibu kutoka uani.

Tulicheka wote. Kisha Mama Mwape akatuambia alivyoshindwa: hata wanawake wa kwaya yake hawakumpigia kura, maana walisikia kwamba mtu asiye na chama hawezi kuleta kisima. Tantine akamweleza mambo ya suppléante. Mama Mwape aliweka tonge chini.

"Chukua."

"Nyuma ya mwanaume?"

"Nyuma, pembeni, chini ya meza, chukua. Mimi nilikataa kubaki nyuma. Leo niko na nini?"

Niliingilia. Nilisema kwamba ukikubali kukaa nyuma unawafundisha kwamba nyuma kunakutosha. Kwamba mambo haya yanasomwa. Kwamba kuna nchi ambako sheria imelazimisha. Nilisema mengi. Mama Mwape alinisikiliza kwa adabu, halafu akamwambia tantine neno, na tantine akalitafsiri bila kulainisha: "Anasema, unaongea kama muntu mwenye haiyashindwa hata siku moja."

Barabara ya kwenda Nakonde ni ndefu kuliko hamu ya mtu yeyote. Baada ya Kapiri Mposhi ni miti, miti, kibanda cha mkaa, miti. Tantine alinyoosha goti kwenye njia ya kati ya viti, abiria wakaliruka mmoja mmoja wakiomba samahani. Mimi nilitoa jedwali kwenye simu nikalitazama hadi macho yakauma. Kwa jedwali hilo, Mama Mwape ni sifuri. Alitembea kata nzima, aliimbiwa matusi, na kwenye mstari wa Zambia hakuongeza hata nukta. Nilianza kujiuliza ni watu wangapi wa namna yake wamelala chini ya kila tarakimu ndogo.

"Tantine, utakubali?"

"Wee, niache. Goti njo inaongea saa hii."

Tunduma tulivuka tukiwa tumefunikwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hapo nilipata aibu yangu ya kwanza ya lugha. Nilimwambia mwanamke mmoja mtu mzima, "Jambo, mama," kama tunavyosalimiana kwetu, na wasichana wa duka lake wakacheka: "Jamani, mzungu mweusi!" Kumbe kwao jambo ni ya watalii, na mkubwa huamkiwa shikamoo. Tantine alikataa kulisema. "Shikamoo miye niseme kwa nani? Niko mukubwa ya wote hapa."

Karibu na Mbeya, katika mji mdogo wa kilimani wenye baridi, Mama Atu alitupokea kwa kelele. Walikumbatiana na tantine wakilia na kutukanana kwa mapenzi, kila mmoja akimwambia mwenzake amenenepa. Nyumba ilikuwa na bati jipya, kochi lenye vitambaa vya kufuma, na picha ya Mama Atu ukutani akiwa amevaa rangi za chama chake. Tulipewa wali na maharage ya nazi, na chai ya tangawizi iliyonirudishia vidole vyangu.

Nitaeleza mazungumzo yale kama yalivyokuwa, maana ndiyo yaliyobeba safari yote.

"Basi mwenzangu," tantine alianza, "uniambie. Ulifanya aje kuwa mukubwa?"

"Mimi ni wa viti maalum," Mama Atu akasema.

Tantine akanigeukia. "Maalum ni nini?"

"Spécial," nikamjibu haraka, mdomo umejaa wali.

Uso wake uling'aa kama umeme umerudi. "Kumbe na weye uko mu kazi ya biti! Ya spécial, ile ya ba mariés siku ya ndoa, yenye kuvalishwa kitambaa nyeupe na ruban nyuma! Miye niko na ya plastique tu. Ya spécial uko nayo ngapi?"

Mama Atu akatikisa kichwa akihesabu. "Kwenye halmashauri yetu? Tupo wachache."

"Bachache? Miye peke niko na zaidi ya mia mbili!"

"Mia mbili!" Mama Atu akashika kifua. "Wanawake? Kongo?"

"Biti, mama. Na hizo zako, iko yako ao unakodisha kwa muntu?"

Nilipaswa kuwakatiza. Nilikuwa nimeshaelewa: viti maalum ni nafasi za wanawake ambazo vyama hugawana kadiri vilivyoshinda, na zilikuwa zimeandikwa kwenye mémoire yangu kwa Kifaransa, kwa neno refu lisilofanana na kiti chochote. Lakini Mama Atu hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Rudia ulivyosema."

"Minauliza, kiti iko yako ao ya kukodi?"

Ndipo nikawaeleza wote wawili, na tantine akajipiga paja, akacheka hadi akakohoa. Mama Atu alitabasamu kwa upande mmoja.

"Ya kukodi," alisema. "Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, Mama Kapinga. Chama ndicho kimenipa, chama ndicho kitachukua. Sina kata. Nikisimama kusema maji hayatoki, diwani wa kata ananijibu mbele ya watu: dada, wewe wananchi wako ni akina nani? Mwaka juzi nikasema basi, nitagombea kata, nipate wananchi wangu. Unajua waliniambia nini? 'Wewe si una chako? Hiki tuachie wanaume.'"

"Lakini unaingia mu salle ya mukutano," tantine akasema. "Unasema, banasikia."

"Naingia. Nimepigania kituo cha mama wajawazito hadi kikajengwa, siwezi kusema sikufanya kitu. Ila nakaa kwa ncha ya tako." Akamwonyesha, kwenye kochi lake mwenyewe, jinsi anavyokaa pale barazani: pembeni, mgongo wima, kama mgeni anayesubiri kuambiwa wenyewe wamefika.

Tantine hakucheka. Akamweleza ya suppléante. Mama Atu alitafuta neno la Kiswahili, akajaribu mbadala, akajaribu msaidizi, mwisho akasema, "Yaani tairi la spea."

"Njo ile."

"Usikubali."

"Mama Mwape amesema nichukue."

"Mama Mwape hajawahi kukalia cha kupewa. Anaona kiti tu. Mimi nakaa nacho."

Usiku ule sikuandika chochote. Aliyegonga mlango wa wote akafungiwa alisema chukua. Aliyefunguliwa mlango wa pembeni alisema kataa. Kila mmoja alikuwa anaongea kutoka kwenye kidonda chake. Na mimi, mwenye nchi nne kwenye jedwali moja, nilikuwa nawalinganisha watu ambao hawakuwa wanafanya jambo moja.

Tulirudi kwa barabara ileile, miti ileile. Mama Atu alitupatia mchele, na mchele ulikuwa mzito. Tantine alikaa dirishani hadi tukapita Mpika, kisha akaanza kuongea kama mtu aliyekatizwa.

"Unaona, nikikubali, akiitwa ministre, naingia."

"Ndiyo."

"Naingia sababu ya yeye. Kila siku atanikumbusha. Nikikataa, siingii kabisa."

"Ndiyo."

"Weye uliyesoma, sema kitu ingine kuliko ndiyo."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Alinishika mkono, jambo asilolifanya mara nyingi, akalala.

Kasumbalesa malori yalikuwa palepale. Ningeapa nguo kwenye kamba zilikuwa zilezile. Askari yule alitukumbuka.

"Mama ya ulizo! Jawabu iko wapi?"

"Iko," tantine alisema, akishusha mchele. "Iko nzito kupita hii. Lakini hiyo hamuna bei yake."

Katuba, kesho yake, Président alikuja bila kuitwa. Nilikuwa sebuleni. Tantine hakumpa maji.

"Andika jina yangu mbele, ao usiiandike."

"Mama Kapinga, mbele kumejaa."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi usiiandike."

Alimsihi, akamtania, akamtisha kidogo: chama hakisahau. Alisema hata Kinshasa sasa kuna mawaziri wanawake, kwa hiyo mambo yanaenda, awe na uvumilivu. Tantine alimwambia anafurahi kwa ajili ya Kinshasa. Alipoondoka, tantine alikaa jikoni muda mrefu bila kuwasha mkaa. Nilidhani atalia. Aliniambia tu nikamletee turubai la mvua, viti vitalowa.

Honorable alishinda. Baadaye kidogo gavana wa jimbo alimwita serikalini, kama Président alivyotabiri kwa maji ya baridi mkononi. Nilisikia kwenye redio nikiwa Kipushi, ambako nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha: kiti chake kimechukuliwa na suppléante, mpwa wake, msichana wa rika langu aliyekuwa akiishi Kinshasa na ambaye Katuba hawakumjua kwa sura. Ni kiti kilekile. Nilipanda gari siku ileile kwenda kumwambia tantine, nikitafuta maneno njia nzima.

Alikuwa uani anaosha viti baada ya matanga. Alisikiliza hadi mwisho, brashi mkononi.

"Ni mwanamuke?"

"Ndiyo, tantine."

"Basi kwa ile tableau yako, tumepanda moja."

Akaendelea kusugua. Ni kweli. Nikilifungua jedwali leo na kulisahihisha, mstari wetu utapanda, na hakuna nukta ndani yake itakayomtaja.

Kwa muda mrefu nilidhani safari ile haikumletea kitu isipokuwa mchele. Sisi wawili hatukuizungumzia tena. Kisha, zaidi ya mwaka baadaye, nilikutana na Président kwenye foleni ya benki, amekonda, shati la chama limefifia. Alinisalimu kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

"Tantine yako ni muntu mubaya. Tangu atoke Tanzania, parti haijakalia kiti yake hata moja ya bure. Hata ile siku ya kufurahia honorable mupya, ba mama wote bangesimama! Nimeenda kumuomba, nimepiga magoti. Unajua ananiambia nini?"

Nikamwambia sijui.

"'Hizi ni biti maalum, Président. Biti maalum banalipa mbele.' Miye namuuliza, maalum ni nini? Ananiambia: weka makuta ya kukodi mu meza, njo utajua."

Walilipa, alisema. Tangu siku ile hulipa kila mara.